Paul von Lettow-Vorbeck

Paul Emil von Lettow-Vorbeck (20 Machi 1870 – 9 Machi 1964) alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani aliyeongoza vikosi vya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Koloni hilo lilijumuisha nchi ambazo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918 alipigana na majeshi ya Uingereza, Ubelgiji na Ureno akiwa na watu wachache kuliko wao, huku manowari za Uingereza zikifunga pwani yote.

Vitabu vingi vinamkumbuka kwa ujanja wa kukwepa na kwa safari ndefu za miguu. Hayo ni kweli, lakini ukifuatilia maamuzi yake makubwa moja baada ya jingine, karibu yote yanarudi kwenye jambo moja la ghalani: amebakiwa na risasi ngapi, na zinaingia katika bunduki zipi.

Maisha ya awali

Lettow-Vorbeck alizaliwa mjini Saarlouis, magharibi mwa Ujerumani, ambako baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Prussia. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wa Pomerania. Alisoma katika shule za kijeshi za Potsdam na Gross-Lichterfelde karibu na Berlin, akawa luteni mwaka 1890.

Mwaka 1900 alipelekwa China katika kikosi cha mataifa ya nje kilichozima uasi wa Waboksa. Mwaka 1904 alikwenda Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani (leo Namibia), akafanya kazi katika makao makuu ya Jenerali Lothar von Trotha, aliyeendesha vita vya kuwaangamiza Waherero. Sehemu hii ya maisha yake mara nyingi hupitwa haraka na wanaomsifu, haifai kupitwa. Mwanzoni mwa 1906, akipigana na Wanama, alijeruhiwa kifuani na katika jicho la kushoto, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Jicho hilo halikuona tena sawasawa.

Baada ya kuongoza kikosi cha wanamaji wa nchi kavu huko Wilhelmshaven, aliteuliwa kuwa mkuu wa jeshi la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Alifika Dar es Salaam Januari 1914. Ndani ya meli alikuwa amefahamiana na Karen Blixen, mwandishi Mdenmark aliyekuwa akienda kuanza maisha yake ya Kenya.

Bunduki alizozikuta

Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wapatao 260, wamegawanyika katika kompania 14 zilizotawanyika kutoka pwani hadi maziwa makuu. Mara tu baada ya kufika alianza kuzizungukia, na jambo lililomsumbua ni silaha.

Kompania nyingi zilibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Hii ilikuwa bunduki ya risasi moja moja: askari anafungua kifungio, anatia risasi, anafunga, anapiga, kisha anaanza upya. Risasi yake ilikuwa ya milimita 11, kichwa cha risasi kizito, na baruti nyeusi inayotoa wingu la moshi. Kila askari alipopiga alikuwa amemwonyesha adui mahali alipolala. Ni kompania chache tu zilizokuwa zimepewa bunduki ya mwaka 1898, ya milimita 7.92, yenye kasha la risasi tano na baruti isiyo na moshi. Katika aina zote mbili mkono wa askari ndio ulioutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Bunduki zinazofanya kazi hiyo zenyewe baada ya kila mlio zilikuwa bado hazijaenea katika majeshi ya dunia.

Ili kuelewa mambo yaliyofuata inafaa kujua kwa nini risasi ya bunduki moja haiwezi kutumika katika nyingine. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, kiwashio kilicho kwenye kitako, baruti, na kichwa kinachoruka. Ganda lazima likae sawasawa katika chemba ya bunduki, si refu mno wala pana mno. Kichwa lazima kilingane na tundu la mtutu. Kikiwa chembamba hupita bila kushikwa na mifereji na hakiendi kinakoelekezwa, na kikiwa kinene shinikizo hupanda na mtutu unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Zaidi ya hayo, nguvu ya baruti isizidi uimara wa chuma.

Majina ya vipimo nayo yalikuwa na mtego wake. Ujerumani yenyewe ilikuwa imebadili kichwa cha risasi yake ya kijeshi mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka kipenyo cha milimita 8.1 hivi kwenda 8.2 hivi. Ganda lilibaki lile lile, kwa hiyo risasi mpya iliingia bila shida katika bunduki ya 1888, lakini mtutu wake ulikuwa mwembamba kwa kichwa kipya na ilibidi ufanyiwe marekebisho kwanza. Kuingia na kufaa ni mambo mawili tofauti.

Kisha ilikuja shabaha. Risasi ya 1898 iliruka kwa kasi karibu mara mbili ya ile ya 1871, na kwa hiyo ilianguka kidogo kuliko hiyo kwa umbali ule ule. Alama za kulengea za kila bunduki zilichongwa kwa risasi yake peke yake. Askari aliyezoea bunduki ya zamani kwa miaka kumi akipewa mpya alilazimika kurudi uwanja wa shabaha na kujifunza jicho upya.

Uzito nao ulikuwa hesabu ya kila siku, kwa sababu mali yote ya jeshi nje ya reli ilibebwa kichwani. Risasi moja ya 1871 ilikuwa na gramu 40 na ushee, ya 1898 gramu 24 hivi. Kwa mzigo wa kilo 25, mpagazi mmoja alibeba risasi za zamani chini ya 600, au mpya zipatazo 1,000.

Tanga na Jassin

Vita ilipoanza Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya mapigano. Lettow-Vorbeck alikataa. Aliona kwamba kila askari wa Uingereza atakayeletwa Afrika ya Mashariki ni askari aliyepunguzwa Ulaya, na wazo hilo hakuliacha kwa miaka minne.

Tarehe 2 Novemba 1914 jeshi la Uingereza, wengi wao kutoka India, lilianza kushuka Tanga. Lilikuwa na watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Lettow-Vorbeck alisafirisha kompania zake kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro na kupigana akiwa na watu wapatao 1,000. Waingereza walipoteza watu wapatao 800 kwa vifo na majeraha, wakarudi melini. Habari ya nyuki waliowavamia askari wa pande zote mbili ndiyo inayopendwa na wasimulizi, lakini kwa Lettow-Vorbeck ushindi wenyewe ulikuwa ufukweni: bunduki mamia kadhaa, bunduki za rashasha, na risasi zipatazo 600,000. Bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza, zenye risasi ya milimita 7.7 ambayo ganda lake lina ukingo kwenye kitako. Risasi hiyo haikufaa bunduki yoyote ya Kijerumani. Ilibidi kompania nzima zipewe bunduki na risasi za Kiingereza kwa pamoja, ili wasichanganyike katikati ya mapigano.

Januari 1915 alishambulia ngome ya Jassin, mpakani na Kenya, akaiteka. Lakini aliwapoteza maafisa kadhaa ambao hakuwa na wa kuwabadilisha, yeye mwenyewe akajeruhiwa mkono, na risasi 200,000 zilitumika kwa siku mbili. Baada ya vita alipiga hesabu na kuona kwamba, kwa akiba aliyokuwa nayo, angeweza kupigana vita vitatu tu zaidi vya namna ile. Kuanzia hapo aliacha kutafuta mapigano makubwa. Alituma vikundi vidogo kuvuka nyika hadi Reli ya Uganda kulipua madaraja na injini, kazi iliyohitaji baruti kidogo na risasi chache mno.

Shehena ya Rubens

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika pwani ya Tanga ikiwa na bunduki za 1898 na mamilioni ya risasi. Manowari ya Uingereza Hyacinth iliigundua. Nahodha aliiingiza katika ghuba ya Manza na kuizamisha katika maji mafupi, ikapigwa mizinga na kuungua sehemu ya juu. Waingereza walidhani imekwisha. Wajerumani na wafanyakazi Waafrika walipiga mbizi kwa majuma mengi na kuitoa sehemu kubwa ya shehena.

Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Kwa miezi mingi watu waliketi katika karakana za Moshi wakizifungua moja moja: kichwa kinatolewa, baruti inamwagwa na kuanikwa, ganda linasafishwa, kiwashio kibovu kinabadilishwa, kisha yote yanarudishwa. Hakuna mashine iliyofanya kazi hiyo. Ilifanywa kwa vidole, na mtu aliyekosea kipimo cha baruti alikuwa anaamua maisha ya mwingine ambaye hatamwona.

Baada ya hapo zilijaribiwa kwa kupigwa, na kugawanywa kwa kadiri zilivyoshindwa kulipuka. Zile zisizokuwa na kasoro zilitengwa kwa bunduki za rashasha. Sababu ni kwamba rashasha hutumia nguvu ya mlio mmoja kujipakia mlio unaofuata. Risasi moja ikigoma, silaha nzima inasimama. Zilizogoma kwa kiasi, kama moja katika kila tano, walipewa askari wa bunduki za kawaida, ambao waliweza kuitoa kwa mkono na kutia nyingine. Zilizo mbaya zaidi zilitumika kufundishia shabaha. Mwanafunzi wa askari alijifunza kwa risasi ambayo hajui kama italia, na pengine hilo lilimfundisha kutulia kuliko nyingine yoyote.

Meli ya pili, Marie, ilifika Sudi kusini mwa Lindi Machi 1916 ikiwa na silaha, risasi na dawa. Tangu hapo hakuna meli nyingine iliyofika. Mizinga kumi ya manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, ilikuwa imekwisha kutolewa na kuwekewa magurudumu. Mmoja ulipelekwa kwa reli hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo wasafiri wa Ziwa Tanganyika wanaijua leo kwa jina la Liemba.

Kigoma na nyanda za Buha

Mwaka 1916 koloni lilishambuliwa pande zote. Jenerali Jan Smuts aliingia kutoka Kenya mwezi Machi. Lettow-Vorbeck, ambaye wakati huo alikuwa na Wajerumani wapatao 3,000 na askari zaidi ya 11,000, alibaki upande wa Kilimanjaro na reli ya kaskazini. Magharibi aliachiwa Kurt Wahle, jenerali mstaafu aliyekuwa amekuja tu kumtembelea mwanawe vita ilipomkuta.

Kutoka Kongo walikuja Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur. Brigedi ya kusini ya Frederik Olsen, afisa mzaliwa wa Denmark, ilichukua Usumbura na Kitega mwezi Juni, kisha ikashuka kuelekea reli ya kati. Kati ya Urundi na reli hiyo kuna nyanda za juu za Buha, ambako leo ziko Kibondo na Kasulu. Vikosi vya Kijerumani vilivyokuwa Urundi vilirudi nyuma kupitia nchi hiyo ya vilima na mabonde ya Malagarasi bila kusimama kwa vita kubwa. Hawakuwa na risasi za kupoteza. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, na siku mbili baadaye Kigoma ikawa mikononi mwa Wabelgiji. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba.

Askari wa Kongo nao walikuwa na mchanganyiko wao. Baadhi walibeba Mauser ya Kibelgiji ya 1889, ya milimita 7.65; wengine walikuwa bado na bunduki za zamani za Albini, za milimita 11. Mtu angeweza kudhani kwamba risasi ya Albini iliyookotwa njiani ingemfaa askari wa Kijerumani mwenye bunduki ya 1871, kwa kuwa zote huitwa za milimita 11. Haikuwa hivyo. Ganda la Albini ni fupi kwa sentimita moja hivi na lina umbo jingine. Kwa hiyo vikosi vilivyorudi nyuma kupitia Buha havikuweza kujilisha kwa risasi za adui bila kuteka na bunduki zake pia.

Kwa Waha, tofauti za milimita hazikuwa na maana. Majeshi yote yalikula chakula cha vijiji yaliyopitia, na kila mzigo ulihitaji kichwa cha kuubeba. Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita hivyo, wengi kwa kulazimishwa. Upande wa Uingereza vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vinakaribia 100,000. Upande wa Lettow-Vorbeck hawakuhesabiwa. Hesabu za risasi ziliandikwa hadi mwisho. Za wapagazi hazikuandikwa, na hilo linaeleza mengi juu ya jeshi lake kuliko sifa alizopewa baadaye.

Baada ya vita Kigoma na sehemu ya Buha zilibaki chini ya Ubelgiji hadi 1921, zilipokabidhiwa kwa Uingereza.

Kutoka Mahiwa hadi Ngomano

Kufikia 1917 Lettow-Vorbeck alikuwa amesukumwa hadi kusini mwa koloni. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba alipigana Mahiwa, karibu na Lindi, katika vita kali kuliko zote za Afrika ya Mashariki. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000. Yeye alipoteza 500 hivi. Alipandishwa cheo kuwa jenerali. Lakini risasi za bunduki za 1898 zilikuwa karibu zimekwisha, na askari wengi walirudishiwa bunduki za 1871 zenye moshi. Aliyeshinda ndiye aliyelazimika kuondoka.

Mwezi uliofuata Ujerumani ilijaribu kumfikia kwa njia ya anga. Chombo kikubwa cha gesi aina ya Zeppelin, L59, kiliondoka Bulgaria kikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa. Kiliruka hadi juu ya Sudan, kikaitwa kurudi kwa redio tarehe 23 Novemba, na kutua kilikotoka baada ya saa 95 angani.

Wakati huo Lettow-Vorbeck alikuwa amefanya uamuzi mgumu. Alihesabu risasi zilizobaki, akaamua jeshi lake liwe na watu wanaolingana na risasi hizo. Wagonjwa, majeruhi na wasio na risasi za kutosha waliachwa nyuma wachukuliwe na Waingereza, wakiwemo Wajerumani mamia kadhaa. Alibaki na Wajerumani wapatao 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000, pamoja na wake na watoto wa askari. Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Siku hiyo hiyo walishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano. Kamanda wake, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Ndani ya kambi kulikuwa na bunduki za kisasa, rashasha sita, farasi, chakula, na risasi zipatazo 250,000. Karibu nusu ya jeshi ilibadilishiwa silaha, na bunduki za 1871 zikaanza kuharibiwa na kutupwa. Kambi nyingine za Wareno zilizotekwa katika majuma yaliyofuata ziliongeza akiba.

Kwa askari aliyekuwa ameshika Mauser ile ile ya 1871 tangu alipoandikishwa, kubadilishiwa bunduki njiani halikuwa jambo dogo. Alama za kulengea, uzito, mrudisho begani, namna ya kupakia, vyote vilikuwa vigeni. Hakukuwa na uwanja wa shabaha wala risasi za kuchezea. Alijifunza bunduki yake mpya kwa kuipiga vitani.

Namacurra, Kasama na Abercorn

Kwa karibu mwaka mzima walizunguka Msumbiji wakifukuzwa na vikosi vikubwa kuliko wao. Mwanzoni mwa Julai 1918 waliteka kituo cha Namacurra, karibu na Quelimane, na kupata bunduki za Kiingereza na Kireno, risasi, na sukari nyingi mno wasiyoweza kubeba yote. Kila waliposhinda, sehemu ya bunduki zao ilibadilika tena. Mwishoni walipigana karibu wakitegemea silaha za adui tu, kwa sababu ndizo pekee zilizokuwa na ghala linalojazwa: ghala la adui.

Septemba 1918 walirudi katika ardhi ya koloni, wakapita upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa na kuingia Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Tarehe 13 Novemba waliingia Kasama. Kesho yake, karibu na mto Chambeshi, Lettow-Vorbeck alipata habari kwamba Ujerumani imesaini kusimamisha vita siku tatu zilizopita. Tarehe 25 Novemba alisalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala. Walikuwapo Wajerumani 155, askari 1,168 na wapagazi wapatao 1,500.

Orodha ya silaha zilizowekwa chini siku hiyo inasema mengi. Kulikuwa na mzinga mmoja wa Kireno, rashasha 37 ambazo 30 kati yake zilikuwa za Kiingereza, bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, na risasi 208,000. Jeshi la Ujerumani la Afrika ya Mashariki halikusalimisha hata bunduki moja ya kisasa ya Kijerumani. Na risasi zilizobaki zilizidi zile zilizotumika Jassin mwaka 1915, zilipomtia hofu.

Kutoka Abercorn walipelekwa Bismarckburg (Kasanga), wakapandishwa meli za ziwa hadi Kigoma, wakapokewa na Wabelgiji na kuendelea kwa treni. Askari na wapagazi waliwekwa kizuizini Tabora. Homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka huo iliwakuta humo, na wengi waliovuka miaka minne ya vita walikufa kwa kikohozi. Wajerumani waliendelea hadi Dar es Salaam na kurudishwa kwao mwanzoni mwa 1919.

Baada ya vita

Berlin ilimpokea kwa gwaride, akiwa kamanda wa Ujerumani aliyevamia ardhi ya Uingereza na hakushindwa katika medani. Mwaka 1920 alitoa kumbukumbu zake za vita, na pia kitabu cha vijana kiitwacho Heia Safari! Mwaka huo huo aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia kuanzia 1928 hadi 1930. Mwaka 1929 alikwenda London na kula chakula pamoja na Smuts, adui wake wa zamani.

Vita Kuu ya Pili iliwachukua wanawe wote wawili, na nyumba yake mjini Bremen iliharibiwa kwa mabomu. Katika njaa ya baada ya vita Smuts alimtumia vifurushi vya chakula. Mwaka 1953 alirudi Afrika ya Mashariki akiwa na miaka 83, na wazee waliokuwa askari wake walikuja kumlaki. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akazikwa Pronstorf, Holstein.

Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa na vyeti vilivyotolewa na Lettow-Vorbeck mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Wengi hawakuwa na kitu. Afisa wa benki aliyetoka Ujerumani, asiyejua la kufanya, alimpa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea.